Je, ni kweli Japani iliacha kituo cha treni kwa ajili ya mwanafunzi mmoja?

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Muheza. Nimekuwa nikiwasimulia wanafunzi wangu kisa nilichotumiwa kwenye simu: kwamba huko Japani kampuni ya reli iliamua kufunga kituo kimoja cha kijijini, ikagundua kuna msichana anayekitumia kwenda shule, basi ikaacha treni iendelee kusimama kwa ajili yake peke yake mpaka akahitimu. Juzi mtoto wa darasa la sita akaniuliza maswali mawili nikakosa jibu. Je, ni kweli? Na kama kituo hakikuwa na mfanyakazi hata mmoja, nani alikuwa anakata tiketi, na nani anazuia watu kupanda bure? Naomba unisaidie. Na kama kituo hicho kipo bado, niambie kiko wapi hasa.

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Mpongeze mtoto huyo kwa niaba yangu, maana maswali yake mawili yanategemeana kuliko yanavyoonekana. Ukishaelewa kituo kisicho na mfanyakazi kinavyoendeshwa, utaona mwenyewe sehemu gani ya kisa ni ya kweli na ipi imetiwa chumvi njiani. Na nikutoe hofu mapema: hukuwadanganya watoto. Kituo kilikuwepo, msichana alikuwepo, na treni ilikuwa inasimama hapo asubuhi akapanda. Kilichopinda ni sababu.

Kituo chenyewe kinaitwa Kyu-Shirataki. Kilikuwa Hokkaido, kisiwa kikubwa cha kaskazini mwa Japani, ndani ya mipaka ya mji wa Engaru, kwenye njia ya reli ya Sekihoku inayotoka upande wa Asahikawa, inavuka milima na kuteremka hadi Abashiri kwenye ufuko wa Bahari ya Okhotsk. Kilianza mwaka 1947 kama mahali pa kupandia tu, bila hadhi ya kituo kamili, kikapewa hadhi hiyo mwaka 1987 shirika la reli la taifa lilipogawanywa. Jukwaa fupi, kijumba cha kusubiria, ubao wa jina, basi. Jirani zake walikuwa Kami-Shirataki, Shirataki na Shimo-Shirataki, na kufanana huko kwa majina ndiko kulikowachanganya waliosambaza habari.

Kisa kilivuma Januari 2016, baada ya televisheni ya taifa ya China kukiweka kwenye ukurasa wake wa mtandaoni. Kwa siku chache kikawa kimezunguka dunia. Katika kuzunguka, mambo matatu yaliharibika.

La kwanza, taarifa nyingi zilitaja Kami-Shirataki, na picha ya ratiba iliyosambaa, yenye treni moja tu ya kwenda na moja ya kurudi kwa siku, ilikuwa ya huko. Msichana alikuwa anapanda Kyu-Shirataki. Hapo palikuwa na treni moja ya asubuhi ya kwenda Engaru, inayopita muda mfupi baada ya saa moja, na kuanzia alasiri hadi jioni kulikuwa na zaidi ya moja ya kurudi.

La pili, treni haikuwa ya kwake peke yake. Ilikuwa treni ya kawaida ya njia hiyo, ikiokota abiria kituo hadi kituo, na ndani ya behewa walikuwamo wanafunzi wengine wa shule ya sekondari ya Engaru waliopandia vituo vingine. Kilicho kweli ni kwamba Kyu-Shirataki yeye ndiye alikuwa karibu abiria pekee wa kila siku.

La tatu ndilo kubwa: kwamba kampuni iliahirisha kufunga kituo kwa miaka mitatu ikimsubiri. Kampuni inayohusika, JR Hokkaido, moja ya kampuni za JR zilizozaliwa shirika la reli la taifa lilipogawanywa, ilieleza sababu ya kufunga kuwa ni uchache wa abiria, ikafunga vituo vitatu vya eneo hilo kwa pamoja: Kami-Shirataki, Kyu-Shirataki na Shimo-Shirataki. Tarehe ilikuwa 26 Machi 2016. Tazama tarehe hiyo vizuri, Mwalimu, kwa sababu ndani yake mna jibu. Siku hiyo hiyo ndipo treni ya mwendo kasi, Shinkansen, ilipoanza kufika Hokkaido kwa mara ya kwanza. Haikuwa bahati. Kampuni za JR hubadilisha ratiba zao kubwa mara moja kwa mwaka, mwezi wa Machi: treni mpya zinaanza siku hiyo, treni zinazofutwa zinafutwa siku hiyo, na vituo vinavyofungwa huwa vinafungwa siku hiyo. Na mwaka wa shule wa Japani unaanza Aprili na kuisha Machi. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari huhitimu mwanzoni mwa Machi. Kwa hiyo kila mwaka, vituo vingi vinavyofungwa Japani hufungwa wiki chache baada ya mahafali. Aliyesikia habari ya Kyu-Shirataki bila kujua kalenda hiyo aliona muujiza.

Je, hakuna aliyemfikiria yule binti? Sisemi hivyo. Kwa kawaida kampuni huzungumza na halmashauri ya mji kabla ya kufunga kituo, na katika mazungumzo hayo swali moja ni wanafunzi wangapi wana tiketi za mwezi na watamaliza lini. Katika reli za vijijini Japani, wanafunzi wa sekondari ndio uti wa mgongo wa abiria. Watu wazima wana magari, wazee wanapelekwa na watoto wao au wanatumia basi la halmashauri, lakini mtoto wa miaka 16 haruhusiwi kuendesha gari, na shule iko kilomita 30 kutoka nyumbani. Mwanafunzi mmoja mwenye tiketi ya mwezi ni hoja yenye uzito mezani. Ila kuwa hoja mezani ni jambo moja, na kampuni nzima kukuendeshea treni ni jambo jingine.

Kuna jambo hata wanaosahihisha kisa hiki hulisahau. Treni ingepita pale hata kama hakuna wa kupanda. Njia ya Sekihoku ndiyo inayounganisha Kitami na Abashiri na sehemu nyingine za kisiwa. Treni za haraka zinapita humo, na katika msimu wa mavuno inapita treni ya mizigo iliyosheheni vitunguu, kwa kuwa Kitami ndiko vinakolimwa kwa wingi kuliko kwingine kokote Japani. Reli hiyo haikuwekwa kwa ajili ya Kyu-Shirataki. Kusimamisha treni ya abiria hapo kwa nusu dakika kulikuwa hakuongezi gharama ya maana. Gharama iko kwenye jukwaa: kulikarabati, kuliwashia taa, na zaidi ya yote kulifyeka theluji. Bonde hilo wakati wa baridi hushuka chini ya nyuzi 20 za hasi, na theluji ikianguka usiku, lazima mtu awe amekwishaiondoa jukwaani kabla treni ya saa moja haijafika. Hakuna mashine iliyojificha kichakani inayofanya hivyo. Anafanya mtu mwenye koleo, analipwa, na hulipwa hivyo hivyo apande abiria mmoja au wapande mia.

Sasa nije kwenye swali la pili la mwanafunzi wako. Mimi nalipenda kuliko la kwanza.

Japani ina vituo vya reli zaidi ya 9,000, na karibu nusu yake havina mfanyakazi. Kwa hiyo Kyu-Shirataki hakikuwa kioja. Kilikuwa kituo cha kawaida kabisa cha shamba. Abiria unaingia moja kwa moja hadi jukwaani. Hakuna geti, hakuna dirisha la tiketi, mara nyingi hakuna hata mashine ya tiketi. Ndani ya kijumba kuna benchi, ratiba na jedwali la nauli ukutani, namba ya simu ya kupiga pakiwa na tatizo, na mara nyingi daftari la wageni lililofungiwa kalamu kwa kamba, ambamo wapita njia wanaandika walichokiona. Katika vituo vingi utakuta mito midogo ya kukalia kwenye benchi, imeshonwa na akina mama wa jirani, maana benchi la mbao wakati wa baridi halikaliki.

Treni inakuja na behewa moja tu, linakwenda kwa dizeli, na ndani yuko mfanyakazi mmoja tu, dereva. Ifikirie daladala isiyo na konda, ambayo dereva mwenyewe anapokea nauli mlangoni. Unapandia mlango wa nyuma. Hapo mlangoni kuna kisanduku kinachotoa karatasi ndogo yenye namba; unaichomoa. Namba hiyo ni ya kituo ulichopandia. Mbele, juu ya kichwa cha dereva, kuna ubao wenye namba zote, na chini ya kila namba imeandikwa nauli ya mtu aliyepanda na namba hiyo. Kila kituo kinachopita, nauli kwenye ubao zinapanda. Ukifika unakoshukia, unakwenda mbele, unatazama namba yako, unatumbukiza karatasi na fedha kamili kwenye sanduku la nauli lililo ubavuni mwa dereva, yeye anatupa jicho kwenye kioo cha sanduku kuona ulichoweka, anaitikia kwa kichwa, unashukia mlango wa mbele. Huna chenji? Sanduku hilo hilo lina sehemu ya kubadilishia sarafu na noti ya yeni 1,000, lakini ubadilishe kwanza ndipo ulipe, kwa kuwa ukitumbukiza zaidi halirudishi. Wageni wenye noti za yeni 10,000 huaibika sana hapo.

Mwenye tiketi ya mwezi, kama yule binti, anamwonyesha dereva tiketi yake na kushuka.

Kwa hiyo, mwambie mtoto, anayezuia watu kupanda bure ni mlango. Kwenye kituo kisicho na mtu, mlango unaofunguliwa wa kushukia ni ule wa mbele tu, pembeni ya dereva. Kwenye kituo kikubwa chenye wafanyakazi, kama Engaru wakati ule, milango yote hufunguliwa na unalipa getini. Ukipoteza karatasi yenye namba, unahesabiwa umepandia mwanzo wa safari. Na ukikamatwa umekwepa, sheria inaruhusu kampuni ikutoze nauli yako pamoja na nyongeza ya mara mbili yake. Wakwepaji wapo, sitakuficha. Lakini kwenye treni ya behewa moja inayobeba watu wale wale kila siku, dereva anajua nani anashukia wapi.

Ningependa wanafunzi wako wamwone dereva huyo akiwa kazini. Amevaa glovu nyeupe. Saa yake ya mfukoni ameiweka kwenye kishimo maalumu kwenye dashibodi, mbele ya macho. Kabla ya kuondoa treni ananyoosha kidole kuelekea taa ya ishara, anatamka kwa sauti ile taa inasema nini, ananyoosha kidole kwenye saa, anatamka muda, anaangalia kioo kuona jukwaa ni tupu na mlango umefungwa, anatamka tena, ndipo anaondoka. Anafanya hivyo hata kama ndani ya behewa kuna abiria mmoja aliyelala. Huko nyuma kazi hizi ziligawanywa kati ya watu watatu: dereva, kondakta na mkuu wa stesheni. Sasa zote ziko mabegani mwake.

Na hao wengine walikwenda wapi? Zamani hata kituo kidogo kilikuwa na mkuu wa stesheni na wasaidizi wake, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni usalama. Kwenye reli ya njia moja, treni mbili hazipaswi kuingia kipande kimoja kutoka pande mbili. Kwa hiyo dereva hakuruhusiwa kuingia kwenye kipande bila kukabidhiwa kibao cha chuma, na kwa kila kipande kibao kilikuwa kinatoka kimoja tu kwa wakati. Mkuu wa stesheni ndiye aliyekitoa na kukipokea, kikiwa ndani ya kikoba chenye kitanzi kikubwa ambacho dereva aliweza kukidaka kwa mkono. Baadaye ishara na vyuma vya kuhamishia treni njia vilianza kuongozwa kwa nyaya kutoka chumba kimoja kilichoko mbali, ambako watu wachache wanaona njia nzima ubaoni. Siku hiyo kazi ya kwanza ya mkuu wa stesheni iliisha.

Ya pili ni mizigo. Kituo cha kijijini kilikuwa ndicho ofisi ya kupokelea magunia, mbao, maziwa na vifurushi. Malori yakaja, barabara zikatengenezwa. Mwezi Februari 1984 shirika la reli la taifa likaacha utaratibu wa zamani wa kukusanya mabehewa ya mizigo kituo kimoja kimoja, na kazi ya pili nayo ikaisha. Mabehewa ya nyuma ya treni za mizigo, ambamo kondakta alikuwa anakaa, yakabaki bila kazi kwa mamia. Huko Hokkaido wakayang'oa magurudumu, wakayaweka kando ya majukwaa, wakayafanya vyumba vya kusubiria. Mengine yapo hadi leo, yamechakaa kwa kutu na kupakwa rangi upya mara kadhaa. Kila nikiona picha ya kituo cha namna hiyo naona historia nzima ya reli ya kijijini imekaa mahali pamoja: behewa lililokosa mzigo limegeuzwa nyumba ya kituo kilichokosa mfanyakazi.

Halafu kuna fedha. Shirika la reli la taifa lilikuwa na deni la takriban yeni trilioni 37 lilipovunjwa tarehe 1 Aprili 1987 na kugawanywa kuwa kampuni sita za abiria na moja ya mizigo. Kabla ya hapo, kwa sheria ya mwaka 1980, njia 83 za vijijini zilikuwa zimewekwa kwenye orodha ya kuondolewa mikononi mwa shirika: 45 zikageuzwa kuwa za basi, na 38 zikabaki reli chini ya kampuni nyingine, nyingi zikiwa za ubia kati ya mikoa, miji na wafanyabiashara wa pale pale. Reli ya Sanriku kwenye pwani ya kaskazini mashariki, iliyoanza mwaka 1984, ndiyo ya kwanza kati ya hizo. Njia zilizobaki zililazimika kupunguza matumizi, na mshahara wa mtu anayekaa kituoni kusubiri treni tano kwa siku ukawa wa kwanza kukatwa.

Hokkaido ndiko kulikoumia zaidi. Eneo ni kubwa, watu ni wachache na wanapungua, theluji ni ya miezi. Novemba 2016, miezi michache baada ya Kyu-Shirataki kufungwa, JR Hokkaido ilitangaza hadharani orodha ya njia ambazo haiwezi kuendelea kuzibeba peke yake, na Sekihoku ikiwemo. Kampuni ilianza kuvitazama vituo vyenye wastani wa abiria watatu au pungufu kwa siku, ikaziambia halmashauri: lipieni matunzo ninyi, au tufunge. Machi 2021 vituo 18 vikafungwa kwa mkupuo, na vingine 18 vikahamishiwa kwenye halmashauri za miji yao.

Mwalimu, hapo ndipo ninapoona kisa cha kuwasimulia watoto, na kwangu mimi kinazidi kile cha kwenye simu. Chukua kituo cha Koboro, kusini mwa Hokkaido. Kiko kwenye mwanya kati ya mahandaki mawili ya reli, mbele bahari, nyuma mlima, barabara ya gari haifiki. Mwaka 2015 kampuni ilitaka kukifunga. Halmashauri ya Toyoura ikakaa, ikajadili, na tangu mwaka 2016 inalipia matunzo yake kutoka kwenye bajeti ya mji, kwa sababu watu wanasafiri kutoka mbali kuja kushuka mahali pasipo na kitu. Au chukua Emi, mkoani Chiba, karibu na Tokyo: tangu Agosti 2020 posta ya kijiji imehamia kituoni, na wafanyakazi wa posta ndio wanaouza tiketi. Kwingine muuza duka wa jirani anauza tiketi kwa kamisheni, au chama cha wakulima kina ofisi ndani ya jengo la kituo. Huko Fukushima, njia ya Tadami ilikatwa na mafuriko mwaka 2011. Ikafunguliwa tena Oktoba 2022 baada ya mkoa kukubali kumiliki njia kwenye kipande kilichoharibika, kampuni ikabaki na kazi ya kuendesha treni tu. Hakuna hata moja kati ya hizi iliyofanyika kwa huruma ya siku moja. Ni watu walikaa vikao, wakabishana nani alipe, wakakubaliana.

Wadogo zaidi darasani watampenda Tama. Kituo cha Kishi, mkoani Wakayama, kiliondolewa mfanyakazi mwaka 2006. Januari iliyofuata, kampuni mpya ya njia hiyo ikamteua paka wa muuza duka wa jirani kuwa mkuu wa stesheni, akavalishwa kofia ya kazi. Watalii wakamiminika, na mwaka 2010 jengo la kituo likajengwa upya na paa lenye sura ya paka. Tama alikufa Juni 2015, paka wengine wakarithi cheo. Kazi ya kampuni hiyo naiheshimu. Lakini vituo zaidi ya 4,000 haviwezi vyote kupata paka, na nisingependa picha nzuri iwafiche watu wanaoumizwa na utaratibu huu.

Wapo. Mtu wa kiti cha magurudumu anayetaka kupanda behewa lenye ngazi mlangoni anahitaji ubao wa kumvusha na mtu wa kuuweka. Mfanyakazi akiondoka, mtu huyo inabidi apige simu mapema ili aletwe mfanyakazi kutoka kituo kingine. Mwenzake asiye na ulemavu anaamka tu na kwenda stesheni. Yeye anaomba miadi. Asiyeona anayetembea jukwaani hana wa kumwambia treni imechelewa au iko upande gani. Septemba 2020 watu wenye ulemavu mkoani Oita, kisiwani Kyushu, waliishtaki kampuni ya reli mahakamani wakisema kuondoa wafanyakazi vituoni kumewanyang'anya uhuru wa kusafiri. Mwaka 2022 wizara inayosimamia usafiri ikatoa mwongozo kwa kampuni zote: kabla ya kuondoa mfanyakazi zizungumze na wenye ulemavu, ziweke simu za kuonana kwa picha, na mahali inapowezekana dereva mwenyewe ashuke kusaidia. Mwongozo si sheria. Msimamo wangu ni kwamba kituo ambacho mzee au kiwete hawezi kukitumia bila kuomba ruhusa siku moja kabla, kimekwisha fungwa kwake, hata kama treni inasimama.

Umeuliza kama Kyu-Shirataki kipo bado. Hapana. Treni zinapita bila kusimama. Shimo-Shirataki kimebakizwa kwa kazi ya treni kupishana tu, abiria hawashuki. Kami-Shirataki nacho hakipo, na kwa kuondoka kwake, kutoka kituo cha Kamikawa hadi Shirataki ni kilomita 37.3 bila kituo katikati, umbali mrefu kuliko wote kati ya vituo viwili vinavyofuatana kwenye njia za kawaida za kampuni za JR. Mkiwa na ramani darasani, au simu yenye ramani, tafuteni Kamikawa, mfuate reli kuelekea mashariki. Itawapitisha milimani, na njiani mtaona majina ya Nakakoshi, Kamikoshi na Oku-Shirataki. Hivyo pia viliwahi kuwa vituo vya abiria.

Shirataki chenyewe kinaendelea kufanya kazi bila mfanyakazi, na hata treni za haraka zinasimama hapo. Kijiji hicho kinajulikana kwa jiwe jeusi la volkano linalong'aa kama kioo, ambalo watu wa kale walilichonga kuwa visu na ncha za mikuki. Zana hizo zilizofukuliwa hapo zilitangazwa kuwa hazina ya taifa mwaka 2023. Ukitaka kuzitazama, unashuka kwenye treni, unapita kwenye chumba cha kusubiria kisicho na mtu, na jumba la makumbusho liko mwendo mfupi kwa miguu.